Bodi haikuulizi kama wewe ni mgonjwa

Kitu cha kwanza nataka wenzangu wajue, hasa sisi tuliotoka Kenya tukaingia jeshi la Marekani na green card, ni kwamba ile bodi ya jeshi inayoamua kama askari mgonjwa anabaki au anatolewa haina ugomvi na ugonjwa wako. Ishajua unaumwa. Ugonjwa umeandikwa kwa faili, umeandikwa kwa profaili, ile karatasi ya hali yako ya afya jeshini, kila daktari aliyekugusa ameutia sahihi, hakuna anaebishana hapo. Wanachouliza ni kimoja: huyu mtu, kwa cheo chake hiki na kazi yake hii, anaiweza au haiwezi? Basi. Na watu wengi wanaingia pale wanajibu swali jengine kabisa, wanaeleza vile wanavyolipenda jeshi, vile watoto wako shule, vile mkopo wa nyumba haujaisha, alafu wakirudishwa nyumbani wanasema wameonewa. Huenda kweli wameonewa. Lakini swali lenyewe hawakulijibu.

Mimi kazi yangu ni stoo. 92Y ndio namba ya kazi hiyo jeshini, sajenti wa stoo wa kombania. Kila kitu kuanzia mahema, redio, darubini za usiku, mpaka vile vitanda vya kukunja vinavyobana vidole, viko kwenye karatasi yenye sahihi ya mtu, na mwisho wa karatasi zote kuna sahihi ya kamanda, na nyuma ya kamanda niko mimi, kikipotea kitu mimi ndio naulizwa. Sio kazi ya kuruka na parachuti. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililoniokoa, na nusu ya wanaonipigia simu kuniuliza habari za bodi hawataki kuambiwa habari za kazi yao, wanataka kuambiwa habari za ugonjwa.

Sukari ilinishika nina miaka 34. Mwanzo nikaambiwa ni ile ya kawaida, aina ya pili, nikapewa metformin, nikapunguza wali na chapati, sukari ikagoma kushuka. Wakapima damu vizuri wakasema la, hii ni aina ya kwanza, imechelewa tu kutokea, kongosho linaacha kazi polepole. Insulini ikaanza. Na huku insulini ndiyo inayopiga kengele, maana kila askari ana herufi sita, PULHES, kila herufi na namba yake kuanzia 1, mzima kabisa, mpaka 4, na P ndio mwili kwa jumla. Mimi nlikua 1 kote miaka yote. Kalamu ya insulini ilipoingia kwenye rekodi, P ikaruka ikawa 3 ya kudumu, na kwa vile kisukari cha insulini kiko nje ya viwango vya kubakishwa, hapo daktari hana hiari, anakupeleka bodi hata kama anakupenda kama mwanawe.

Ngoja niieleze njia yenyewe maana watu wanachanganya. Kuna bodi mbili. Ya kwanza, MEB, ni ya madaktari, wao wanasema tu umeanguka nje ya viwango vya afya au hujaanguka. Ya pili, PEB, ndio inayosema unafaa au hufai. Katikati hapo watu wa VA, ile idara ya serikali inayohudumia askari waliotoka jeshini, wanakupima na kukupa asilimia ya ulemavu. Zamani jeshi lilikua linakupima kivyake, alafu ukitoka VA inakupima tena kivyake, na hesabu hazikutani. Ile fujo ya hospitali ya jeshi ya Walter Reed, askari majeruhi walivyokua hawatunzwi, ilipofichuka 2007 ndio ikasukuma mambo yakaunganishwa, sasa unapimwa mara moja na asilimia zinatoka VA.

Na asilimia ndio roho ya mambo. Ukionekana hufai na umepewa chini ya 30, na hujafikisha miaka 20 kazini, unapewa kiinua mgongo cha mara moja, miezi 2 ya mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotumika, kwaheri. Ukipewa 30 kwenda juu unastaafu, una pensheni, na bima ya afya inabaki kwako na kwa familia yako. Kati ya 20 na 30 kuna bonde kubwa sana, na wako watu waliosukumwa kwenye hilo bonde bila haki, mpaka bunge lao likaunda bodi maalum ya kuwaangalia upya wote waliotolewa na asilimia 20 au chini kati ya 11 Septemba 2001 na mwisho wa 2009. Kwa hivo mtu akikwambia hesabu zao hazikosei, mwambie akasome.

Sasa kwa kisukari ngazi ziko hivi: ukidhibiti kwa chakula peke yake 10, ukiwa na insulini na chakula cha kupimwa 20, ukiwa na insulini na chakula cha kupimwa na daktari amekuzuia shughuli nzito, 40. Shikilia hiyo ya mwisho, tutarudi hapo, maana ilininyima usingizi.

MEB yangu ilianza vibaya. Kuna ripoti moja ndefu inaitwa NARSUM, ni hadithi ya ugonjwa wako vile daktari anavyoihadithia, na kila atakaekuja baadae anaisoma hiyo, hasomi faili lote. Nilipewa ya kwangu jioni, nikaisoma mezani jikoni huku mke wangu akikaanga samaki, nikafika ukurasa wa tatu nikakuta sentensi inasema sukari yangu inashuka mara kwa mara kiasi cha kuhatarisha kazi. Mara kwa mara? Nikafungua simu. Nina kile kidude cha mkononi kinachosoma sukari kila dakika chache, grafu zote ziko, mstari mmoja unapita ndani ya ukanda wa kijani usiku na mchana. Palikua na shimo moja. Moja, saa tisa za usiku, wiki za mwanzo kabisa tulipokua bado tunatafuta dozi. Daktari alieandika ripoti aliliona hilo shimo kwenye noti za mwezi ule na hakuenda mbele. Sidhani alikua na nia mbaya, alikua na mafaili mengi na langu lilikua moja, lakini sentensi ile ingesafiri mbele peke yake bila grafu.

Hapa ndio nasema usitie sahihi ukiwa na haraka ya kumaliza. Una haki ya kuomba daktari mwengine asiehusika aipitie ripoti, na una haki ya kuijibu kwa maandishi, siku 7 tu, na hizo siku zinakimbia. Nilichapisha grafu za miezi mitatu, nikaambatanisha na kipimo cha A1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi iliyopita, kilikua 6.6, na nikaandika barua fupi isiyo na hasira hata kidogo. Mke wangu ndie alietoa hasira yote, aliifuta mstari kwa mstari. Sentensi ikarekebishwa. Bado nlikua nje ya viwango, hilo halibadiliki, insulini ni insulini, lakini sasa karatasi iliyoenda bodi ya pili ilikua inasema kweli.

Na hivi viwango, jamani, haviteremki kutoka mbinguni. Vinaandikwa na watu, alafu dawa inakwenda mbele navyo vinabaki palepale mpaka mtu avisukume. Angalia VVU. Huku Marekani askari wawili wa jeshi la anga walikua wanatolewa kwa ajili ya virusi ambavyo havionekani hata kwenye kipimo, na Sajenti Nick Harrison wa National Guard, jeshi la akiba, ya Washington DC akanyimwa uofisa kwa sababu hiyohiyo, wakaenda mahakamani, na tarehe 6 Aprili 2022 Jaji Leonie Brinkema kule Alexandria, Virginia, akasema jeshi haliwezi kuendelea hivo, na Juni mwaka huohuo wizara ya ulinzi ikabadilisha sera yake. Karibu na kwetu zaidi, Zambia, askari wawili wa jeshi la anga walipimwa bila ridhaa yao, wakapewa dawa bila kuambiwa ni za nini, alafu wakafutwa. Mahakama ya Livingstone 2010 ikasema kuwapima hivo ni kuvunja haki zao, wakapewa fidia. Lakini kazi hawakurudishiwa. Wengi wanaosimulia kesi ile wanaishia kwenye fidia, hiyo sehemu ya mwisho wanairuka.

Haya, turudi. PEB ya kwanza inakaa bila wewe. Wanasoma karatasi, wanaamua, unaletewa fomu. Yangu ikaja: hafai, asilimia 20. Yaani miaka yangu tisa, chukua pesa zako nenda. Una siku 10 za kujibu: nakubali, au sikubali na naandika, au sikubali na nataka kusikilizwa ana kwa ana. Hiyo ya tatu sio hisani ya mtu, ni sheria, kifungu 1214 cha sheria za jeshi lao kinasema hakuna askari atakaestaafishwa au kutolewa kwa ulemavu wa mwili bila kusikilizwa kikamilifu na kwa haki iwapo ameomba. Iwapo ameomba. Usipoomba hakuna atakaekuombea. Na wakili unapewa bure, hili pia watu hawalijui, wanaenda kukopa pesa za wakili wa mjini wakati yuko mmoja wa jeshi anaezijua bodi hizi kwa majina.

Wakili wangu alikua mama mmoja mkimya, hacheki ovyo. Siku ya kwanza hakuniuliza habari ya sukari. Aliniuliza, "Sajenti, unataka kubaki au unataka asilimia?" Nikamwambia nataka haki yangu. Akasema hiyo sio jibu.

Alafu akanichorea. Kama nataka 40, yaani kustaafu na pensheni na bima, njia ni kuonyesha kwamba insulini imenizuia shughuli nzito, daktari aandike usikimbie, usibebe, usiende porini, na aandike kwa sababu za kitabibu, sio mimi kusema tu. Kama nataka kubaki, njia ni kuonyesha kinyume chake kabisa, kwamba nakimbia, nabeba, naenda porini, sijazuiwa kitu. Na nikichagua kubaki nikashindwa, basi nimejifungia mlango wa 40 kwa mikono yangu, maana nitakua nimeapa mbele ya watu watatu wa bodi kwamba sijazuiwa chochote, na nitatoka na ile 20. Hakuna kupanda mashua zote mbili. Akanipa wikendi nzima nifikirie.

Nikampigia mama kule Likoni, Mombasa. Mama mwenyewe ana sukari miaka mingi, dawa anazijua kuliko mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hujambo, sindano unapiga?"

Nikamweleza yote, asilimia, bodi, wakili. Akanyamaza kidogo akasema, "Sasa mwanangu, watu wa serikali wanataka kukupa pesa urudi nyumbani kwa mkeo na wanao, na wewe unatafuta wakili uwakatalie?" Nikasema mama sio hivo. Akasema, "Hebu nieleze basi ni vipi." Na sikuweza kumueleza vizuri wallahi. Jibu langu la kweli ni kwamba naipenda kazi ya stoo. Ni hilo tu, hakuna kubwa. Napenda hesabu ikitimia. Nimewahi kutafuta darubini moja ya usiku siku mbili mfululizo nikaipata ndani ya gari la watu wengine, raha niliyoisikia sijaisikia harusini. Na 40 ningeipata kwa kumwomba daktari aandike kitu ambacho hakikua kweli, maana kweli ni kwamba nlikua nakimbia kila asubuhi.

Wako wenzangu waliochagua vyengine na sina neno nao. Rafiki yangu mmoja wa pumu, anavuta dawa kila siku, na kwa pumu dawa ya kila siku peke yake ni 30, akakubali, akastaafu, yuko Texas anaendesha lori na bima ya watoto wake imekaa vizuri. Alifanya hesabu yake sawasawa.

Nilipomjibu wakili kwamba nabaki, kazi ikaanza, na karibu yote haikua ya hospitali. Alitaka karatasi za kazi. Kuna fomu ya kamanda, DA 7652, ambapo kamanda anaeleza kwa maneno yake kama unaiweza kazi au la, na ndio karatasi nzito kuliko zote kwa sababu hao watatu hawakujui, kamanda anakujua. Iliyokua kwenye faili iliandikwa na kamanda aliekua anahama, mistari miwili, inasema nina kisukari na siwezi kupelekwa vitani. Hiyo ni kurudia profaili tu. Kamanda mpya, kepteni kijana, alikua amekaa na mimi Fort Irwin, jangwa la Mojave kule California, kwenye yale mazoezi marefu ya kituo cha NTC ambapo unalala mchangani na gari zinavunjika kila saa. Sukari nlikua nayo tayari. Akaandika ukurasa mzima. Akaandika magari mangapi yalihesabiwa, vifaa gani vilirudi, na kwamba katika muda wote ule hakuna kazi hata moja iliyofanywa na mtu mwengine kwa sababu ya ugonjwa wangu. Hakuandika kwamba mimi ni mtu mzuri. Wakili alifurahi sana na hilo.

Usikilizwaji ulikua San Antonio. Chumba kidogo, meza, bendera, watu watatu: kanali kama mwenyekiti, afisa mmoja wa utawala, na daktari mmoja. Unaapa. Wakili anakuuliza kwanza, alafu wao. Daktari aliniuliza jambo nililokua nalitarajia, insulini kwenye joto utaifanyaje. Nikatoa kifuko mfukoni nikakiweka mezani. Ni kitambaa tu chenye punje ndani, unakichovya kwenye maji na kinakaa baridi kwa kule kukauka kwake, kama mtungi wa nyanya yangu, hakuna umeme hakuna barafu. Nikawaambia kalamu iliyofunguliwa inakaa siku 28 nje ya friji joto lisipozidi, na nlikua natembea na hiki Mojave. Daktari akakichukua akakibonyeza. Akampa kanali, nae akakibonyeza.

Kanali yeye aliuliza vya askari. Saa nane usiku, lori limekwama, hujala tangu mchana, sukari inashuka, nani anafanya kazi yako? Nikasema nakula tembe za glukosi, nangoja dakika 15, napima tena, na lori linaendelea kutolewa wakati huohuo kwa sababu kula tembe hakuhitaji mikono miwili. Na kile kidude kikifa betri? Nadunga kidole, kama mama yangu.

Alafu afisa wa utawala akauliza swali dogo, kwa sauti ya chini karibu nisisikie. Kuna shughuli yoyote, kazini au nje ya kazi, ambayo unaiepuka au umeambiwa uiepuke kwa sababu ya insulini? Wakili hakuniangalia. Nlijua swali lile ni nini na yeye alijua, na pale kwenye meza palikua na pensheni na bima ya watoto wangu wawili. Nikasema hapana.

Wakatoka, tukakaa, wakarudi. Kanali akasoma kwa haraka vile watu husoma kitu walichosoma mara nyingi, mpaka wakili aliponipiga teke chini ya meza ndio nikajua ameshasema unafaa.

Sasa yaliyofuata, kwa sababu watu wanadhani hapo ndio mwisho. Unafaa haimaanishi P imerudi kuwa 1. Profaili iko palepale, na kupelekwa nje ya nchi nahitaji kibali cha daktari mkuu wa eneo lile, na yeye hafungwi na bodi ya San Antonio. Kikosi kilipopangiwa Poland niliomba kibali, nikanyimwa. Wakaondoka, mimi nikabaki na walinzi wa nyuma, nahesabu vitanda vitupu. Mama alipoambiwa alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena akasema dua yake imejibiwa kwa njia ya mzunguko.

Nliogopa pia kwamba watanitoa kwa mlango mwengine, maana tangu 2018 askari asieweza kupelekwa nje kwa miezi 12 mfululizo anaanza kuulizwa anafanya nini jeshini. Wakili akanionyesha kifungu 1214a, kinasema mtu aliesemwa anafaa na PEB hawezi kutolewa kiutawala wala kunyimwa kuongeza mkataba kwa kisingizio cha kutopelekwa nje kwa ugonjwa uleule ambao bodi ishauangalia. Wanaweza kunirudisha bodi, ndio, na nikirudishwa naanza tena. Kichapishe ukiweke nyumbani, afisa wako wa karibu huenda hakijui. Na kabla hamjaniuliza, maana naulizwa kila mara: hapana, kutolewa kwa sababu ya afya hakukuondolei uraia wa Marekani ulioupata kupitia jeshi, ni kutolewa kwa heshima.

Kibali nimeomba tena, safari hii na ukurasa wa kepteni na picha ya kifuko. Jibu bado, na wale wa Poland wanarudi mwezi ujao.